Bloku ya mama iko wapi? Maswali yenu kuhusu saratani ya mapafu

Toleo lililopita niliandika kuhusu kikohozi kisichoisha, mwishoni nikagusia saratani ya mapafu kwa mistari mitano hivi, basi toka siku ile simu yangu haijapumzika. Meseji nyingi zinatoka kwa watoto wa wagonjwa, na nyingi zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: dawa mpya zipo, tunazisikia, sasa tunajuaje kama mgonjwa wetu zinamfaa? Nimechagua barua tano. Miaka mingi nimekuwa nesi wa wodi ya kifua na baadae wodi ya saratani, kwa hiyo ntajibu kama nnavyowajibu ndugu wa wagonjwa pale kwenye benchi la koridoni.

*Sista shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, hajawahi kuvuta sigara hata siku moja, ila maisha yake yote ni mama ntilie na amepikia kuni. Mwaka jana alianza kukohoa, akapigwa picha akaambiwa TB, makohozi hayakuonyesha vimelea lakini akaanzishiwa dawa na akameza miezi sita yote, mimi ndo nilikuwa namsimamia. Hakupona, akakonda, mapafu yakajaa maji upande wa kulia. Hospitali kubwa wakatoa yale maji wakachukua na kinyama, majibu yametoka ni adenokasinoma, aina ya saratani ya mapafu, na imeshasambaa. Daktari anataka kuanza kemo, zile dawa kali za saratani, wiki ijayo. Binamu yangu aliye Marekani anasema tusikubali kitu mpaka kifanyike kipimo cha jini. Mama kasikia hilo neno na sasa hospitali hataki tena, anataka apelekwe kwa mtaalamu kijijini. Nifanyeje? – Kijana wa Morogoro*

Marahaba mwanangu, na pole sana, umemsimamia mama miezi sita kwa dawa za ugonjwa ambao hakuwa nao, najua hiyo inavyouma. Usijilaumu. TB na saratani ya mapafu zinafanana kwa dalili nyingi, kikohozi, kukonda, jasho la usiku, hata damu kwenye makohozi, na kwenye picha ya kawaida ya kifua doa ni doa tu. Kwa wasomaji wengine, kama mgonjwa wenu ameanzishiwa dawa za TB bila vimelea kuonekana, hata kwa GeneXpert, ile mashine ya kupima TB kwenye makohozi, na miezi miwili imepita hamuoni nafuu, msisubiri sita iishe, rudini mkaombe siti skani ya kifua.

Tuanze na mama, manake asipokubali yeye haya mengine hayana kazi. Binamu kasema "jeni", mama kasikia "jini". Nimeliona hili wodini zaidi ya mara moja na sio la kulichukulia juu juu, mtu mzima akiambiwa mbele ya watoto wake kwamba anapimwa jini anaogopa na pia anaona aibu. Kwa hiyo hilo neno lifute kabisa. Mwambie ni kipimo cha vinasaba, yaani yale maelekezo yaliyomo ndani ya kila seli ya mwili. Mueleze kwa lugha ya nyumbani: mama, kwenye hicho kivimbe kuna koki ya bomba imekwama ikiwa wazi, seli zinaambiwa ongezekeni, ongezekeni, usiku na mchana, sasa wanataka kujua ni koki ipi, kwa sababu kuna vidonge vya kuifunga koki hiyo hiyo. Na muambie mabadiliko hayo yametokea ndani ya kivimbe, sio laana na wala sio kitu alichowarithisha nyie (zipo familia chache sana zenye ya kurithi, ila hiyo sio hali ya kawaida).

Sasa binamu yako. Ana haki kwenye jambo moja na kwenye lingine kapitiliza. Mwaka 2004 ndo watafiti waligundua kwa nini vidonge vya gefitinibu vilikuwa vinawafufua wagonjwa wachache na wengine wala havijawagusa: wale wachache walikuwa na mabadiliko kwenye kinasaba kinachoitwa EGFR. Mwaka 2007 timu ya Kijapani ya Hiroyuki Mano ikaonyesha kingine, ALK, hicho kinavunjika na kuungana na kinasaba kisicho chake. Toka hapo orodha imerefuka, kuna ROS1, BRAF, RET, MET, KRAS na wengineo, na kadhaa kati ya hao sasa vina vidonge vyake. Kwa wagonjwa wa bara la Asia EGFR inaonekana kwa karibu nusu ya wenye adenokasinoma, Ulaya na Marekani ni kama 10 hadi 15 kati ya 100, ALK ni kama watano kati ya 100. Kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta sigara nafasi inakuwa kubwa zaidi. Mama yako ana adenokasinoma na hajavuta, kwa hiyo huyo ndo kabisa mgonjwa wa kumpima. Akikutwa na EGFR, kidonge cha osimertinibu, kimoja kwa siku, kwenye utafiti mkubwa uliokilinganisha na vidonge vya zamani vya kundi hilo hilo kiliuzuia ugonjwa kwa miezi 18.9 dhidi ya 10.2. Hiyo ni namba ya katikati, nusu ya watu walipita hapo na nusu hawakufika. Sikwambii inaponya ikishasambaa, nakwambia mama anaweza kurudi jikoni kwake.

Alipopitiliza ni pale anaposema msikubali kitu. Majibu ya vinasaba yanaweza kuchukua wiki, wakati mwingine sampuli inasafirishwa hadi nje ya nchi, na kama mama anapumua kwa shida hawezi kukaa tu anasubiri karatasi. Kemo inaweza kuanza, majibu yakija yakiwa mazuri anahamishiwa vidonge. Muulize daktari hivi hivi: "Dokta, mama anaweza kusubiri majibu ya EGFR na ALK, au hali yake inatulazimu tuanze?" Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

Halafu uulize swali la pili, na hili ndo ningependa kila msomaji wa safu hii aliweke kichwani: bloku ya mama iko wapi? Kinyama kikichukuliwa kinatiwa kwenye chupa ya fomalini, kikifika maabara ya patholojia kinawekwa ndani ya nta, kinakuwa kidude kidogo kigumu unaweza kukifumba kiganjani, kimeshikwa kwenye kikasha cha plastiki chenye namba pembeni, na ukikiinua kwenye mwanga unaona nyama yenyewe katikati ya nta, kapunje kadogo kama chenga ya mchele. Hiyo ndo bloku. Wanakata vipande vyembamba sana wanapaka rangi wanaangalia kwenye hadubini, kinachobaki kinatunzwa, na hicho kilichobaki ndicho kinachopimwa vinasaba. Ikikatwa katwa kwa vipimo visivyo vya lazima kanaisha, na mgonjwa inabidi achomwe sindano ya kifua upya. Kwa hiyo uliza ilipo, andika namba yake, omba nakala ya ripoti ya patholojia uiweke kwenye bahasha yako mwenyewe. Na yale maji yaliyotolewa mapafuni yanafaa pia, kama yalikuwa na seli za saratani na yalihifadhiwa vizuri yanaweza kutengenezewa bloku.

Nalisema hili kwa uchungu. Kaka yangu mkubwa alichukuliwa kinyama kwenye hospitali moja, sitaitaja, ile chupa ikakaa wiki tatu juu ya friji ya chumba cha taratibu ikisubiri mtu wa kuipeleka, na mimi nesi, mdogo wake wa tumbo moja, nilikuwa napita mlango ule ule kila siku. Fomalini inatakiwa ishike kinyama masaa kadhaa, siku tatu kwa wingi, ikizidi sana vinasaba vinakatika katika havisomeki. Kwa kaka havikusomeka. Kuchomwa tena hakuwa na nguvu hiyo. Mpaka leo sijui kama alikuwa na koki ya kufungwa au hakuwa nayo. Kwa hiyo mwanangu ukiambiwa "sampuli itapelekwa", uliza lini, na nani, na mara nyingi wanakubali ndugu aibebe mwenyewe, ibebe.

Kuhusu kuni: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, moshi wa makaa ya mawe ndani ya nyumba limeuweka kwenye kundi la visababishi vya uhakika, na moshi wa kuni kwenye kundi la "kuna uwezekano mkubwa". Kwa hiyo huwezi kusema kwa uhakika ni kuni, na mama asikae akijihukumu kwa kazi iliyowasomesha.

*Sista, baba amevuta miaka arobaini. Wamesema ana saratani ya seli ndogo. Nimesoma mtandaoni kuhusu vidonge vya vinasaba, nimuombee? – Binti, Dodoma*

Hapana mwanangu, vidonge vile havikutengenezwa kwa aina hii. Saratani ya mapafu imegawanyika makundi mawili makubwa, seli zisizo ndogo ambayo ni kama 85 kati ya 100, na seli ndogo ambayo ni karibu 15, na hii ya pili karibu kila mara inaenda na sigara. Inakua haraka, inawahi kichwani, lakini kemo nayo inaisikia haraka, wapo wanaoingia wodini kwenye kiti cha magurudumu na baada ya mizunguko miwili wanatembea. Dawa kuu bado ni sisplatini au kaboplatini pamoja na etoposidi, na kama iko upande mmoja wa kifua tu anaongezewa mionzi. Kipya ni sindano za kinga, sio chanjo, ni za kuamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, kama atezolizumabu, zinazoongezwa kwenye kemo, zimeongeza muda, sio mwingi sana, ni miezi. Nyingine inaitwa tarlatamabu, Marekani waliipitisha 2024 kwa wale ambao kemo ya kwanza imeshindwa. Kwa baba yako ninachokuomba ni kasi, hii sio saratani ya kusubiri harusi ipite ndo aanze. Na sigara aache leo, hata sasa inasaidia, mionzi na kemo zinamkaa vizuri zaidi asiyevuta.

*Sista, salamu kutoka Mombasa. Mama watoto ana EGFR, ametumia gefitinibu miezi kumi na nne na alikuwa ameshasahau kama mgonjwa. Sasa kikohozi kimerudi na skani inaonyesha kivimbe kimekua. Daktari anataka kumtoa damu eti apime saratani kwenye damu, mimi naona ni kama anabahatisha. Kwani saratani ya mapafu iko kwenye damu? – Baba Watoto*

Habibi kaka yangu, habahatishi. Seli za kivimbe zikifa zinaachia vipande vidogo vidogo vya vinasaba kwenye damu, na mashine za siku hizi zinaweza kuviokota katikati ya vile vya mwili wake mwenyewe. Marekani walipitisha kipimo cha kwanza cha namna hii kwa saratani ya mapafu mwaka 2016, na kilikuwa cha EGFR hii hii ya mama watoto.

Kilichotokea kwake kilitarajiwa. Koki imefungwa mwaka na kitu, maji yakatafuta mkondo mwingine. Kwa karibu nusu ya wagonjwa wa gefitinibu mkondo huo una jina, T790M, badiliko jipya kwenye EGFR hiyo hiyo, na hao osimertinibu inawafaa hata kama gefitinibu imegoma. Utafiti uliotoka 2017 uliilinganisha na kemo kwa watu wa hali yake hasa, ugonjwa ukatulia miezi 10.1 dhidi ya 4.4. Kwa hiyo daktari anatafuta hiyo T790M, na damu ni rahisi kuliko kumchoma tena kifuani.

Ila shika hili: damu ikisema ipo, ipo. Damu ikisema haipo, bado hujui. Katika wagonjwa 100 wenye T790M damu inaweza kuikosa kwa kama 30, hasa kama vivimbe ni vidogo na haviachii kitu damuni. Hapo inabidi kinyama kichukuliwe tena, na kuna sababu nyingine ya kukitaka, wachache wao saratani inabadilika kabisa sura inakuwa ya seli ndogo, na hiyo kwa hadubini ndo wanaithibitisha. Waulize maabara pia wanatumia kichupa gani, vipo vichupa maalum vinavyotunza damu siku kadhaa njiani, kile cha kawaida kinataka kishughulikiwe ndani ya masaa machache, sasa kama damu inasafiri kwenda Nairobi au nje ya nchi kwenye kichupa cha kawaida mtapata majibu ya "haipo" yasiyo na maana.

Na asiache gefitinibu kabla ya majibu bila kuambiwa na daktari. Wengine wakiacha ghafla ugonjwa unafumuka kwa wiki moja tu.

*Assalaam alaykum dada yangu. Nakuandikia kutoka Muscat, ndugu yangu mgonjwa yuko Pemba, umri miaka 61. Kipimo cha PD-L1 kimetoka 60%. Familia imefurahi, asilimia sitini ya kupona si haba, na tumekubaliana tuuze sehemu ya shamba la mikarafuu la marehemu baba ili apate sindano za kinga. Ila daktari anasema tungoje kwanza majibu ya EGFR na ALK. Kwa nini tungoje wakati tiba imeshapatikana? – Mwenye Haraka*

Waalaykum salaam kaka. Nimeisoma barua yako mara tatu na nakuomba mkutano wa familia uitishwe tena kabla shamba halijaguswa, kwa sababu ile 60 sio asilimia ya kupona. Daktari wa patholojia amehesabu seli za saratani kwenye hadubini, katika kila seli 100 amekuta 60 zimevaa kitu kinachoitwa PD-L1. Hicho ni kama kitambulisho cha bandia, askari wa kinga ya mwili wakipita wanadhani hawa ni wenyeji wanawaacha. Sindano kama pembrolizumabu inawashika askari wenyewe pale wanaposomea kile kitambulisho, hakiwadanganyi tena, wanawapiga. Wenye 50 na zaidi ndo hasa wanaochaguliwa kupewa sindano hiyo peke yake bila kemo.

Namba ya kweli ya kuwapelekea ndugu zako ni hii. Kwenye utafiti mkubwa wa wagonjwa wa kundi lake, PD-L1 50 na kwenda juu, saratani imeshasambaa, hawana EGFR wala ALK, baada ya miaka mitano walioanza na pembrolizumabu walikuwa hai karibu 32 kati ya 100, walioanza na kemo kama 16. Mimi nilipoanza kazi hakuna aliyekuwa anatamka miaka mitano na saratani ya mapafu iliyosambaa kwenye sentensi moja, kwa hiyo kwangu hiyo 32 ni kitu kikubwa sana. Lakini maana yake pia ni kwamba wengi, 68, hawakufika. Familia iamue ikiwa na namba zote mbili mkononi.

Kwa nini mngoje? Kwa sababu mwenye EGFR au ALK sindano hizi mara nyingi hazimsaidii hata PD-L1 ikiwa juu. Tena mbaya zaidi, akichomwa sindano ya kinga kwanza halafu ikagundulika ana EGFR akapewa osimertinibu muda mfupi baadae, mapafu yanaweza kuwaka, na hilo linaua. Sindano ikishaingia inabaki mwilini miezi, huwezi kuirudisha. Wiki mbili tatu za kungoja ni ndogo kuliko kosa hilo. Na kama ana EGFR huenda shamba lisiuzwe lote, manake gefitinibu na erlotinibu zipo zinazotengenezwa India kwa jina la kawaida la dawa na bei yake haifanani kabisa na ya sindano, na toka 2019 zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Ikitokea ni sindano, mkubaliane kabla ya dozi ya kwanza pesa itatosha dozi ngapi. Inatolewa kila wiki tatu au sita, hadi miaka miwili kama inafanya kazi, na skani ya kwanza ya kuona kama imeshika huwa ni kwenye wiki ya tisa mpaka ya kumi na mbili. Nimeona familia zikiuza kila kitu kwa dozi mbili halafu zikakwama. Na huyo atakayekaa nae Pemba ajue dalili za kukimbilia hospitali: kuharisha kusikoisha, pumzi kukata ghafla, macho ya njano, uchovu usio wa kawaida. Askari wakiamshwa wakati mwingine wanawapiga na wenyeji, na hiyo inaweza kuja hata miezi baada ya sindano ya mwisho.

*Dada nina miaka 52, navuta pakti moja kwa siku toka nina 24. Sina dalili. Kila mwaka napiga eksirei ya kifua na iko safi. Inatosha? Na swali la pili sio langu, mjomba anameza erlotinibu na tumbo linamuwaka moto, tumempa omeprazo za dukani. – Dereva, Mbeya*

Haitoshi. Eksirei inakosa vivimbe vidogo, na ndo hivyo vya kukatwa na kuisha. Utafiti wa Marekani wa watu zaidi ya 53,000, majibu yalitoka 2011, ulilinganisha eksirei na siti skani ya mionzi kidogo kila mwaka kwa miaka mitatu, upande wa skani vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa 20 kati ya 100. Zidisha pakti kwa miaka, wewe una 28, na mwongozo wa Marekani wa 2021 unaanzia 20, kwa watu wa miaka 50 hadi 80. Kwa hiyo ungekuwa kule ungeitwa. Huku kwetu jiandae kwa jambo moja, makovu ya TB ya zamani yanaonekana kwenye skani kama vivimbe, kama uliwahi kuugua mwambie daktari kabla, na peleka picha zako za nyuma zote alinganishe. Kuhusu kuacha sigara nitumie namba yako, ntakupigia tuongee.

Mjomba: omeprazo aache leo na mumpigie daktari wake. Erlotinibu inataka tindikali ya tumbo ili iingie mwilini, na gefitinibu hivyo hivyo, mkizima tindikali anakuwa kama anameza nusu ya dawa (osimertinibu haina shida hiyo). Dokta anaweza kumpa ya aina nyingine akampangia na masaa ya kuitenganisha. Erlotinibu yenyewe aimeze tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya chakula au masaa mawili baada ya kula. Na kama kuna siku ataanzishiwa dawa za TB, wa TB waambieni kuhusu erlotinibu na wa saratani waambieni kuhusu TB, kwa sababu rifampisini inaifagia erlotinibu mwilini kabla haijafanya kazi. Vidonge vyote anavyomeza, na mizizi kama ipo, vitieni kwenye mfuko mmoja mwende navyo kliniki.